Mama Simu Asoma Kitabu Chake

Kabla mitambo haijaanza kuunganisha simu yenyewe, kazi hiyo ilifanywa na wasichana wa posta. Mmoja wao alidumu miaka thelathini na moja, hedifoni kichwani, akichomeka na kuchomoa nyaya, na hata alipostaafu watu waliendelea kumwita Mama Simu. Uzeeni aliandika historia ya simu ya mji wao: nyumba za kwanza kufungiwa simu, foleni za kusubiri kuitwa, na habari za misiba zilizopita masikioni mwa wasichana waliokatazwa kusema neno. Kitabu kilipendwa, na mchapishaji akaamua kukitoa kwa sauti pia, watu wasikilize wakiwa jikoni au safarini.

Msomaji aliyechaguliwa alikuwa mwigizaji wa redio. Mama Simu alipotumiwa sura ya kwanza, aliisikiliza na binti yake sebuleni. Sauti ilikuwa tamu kweli, mpaka ilipofika kwa msichana wa zamu aliyepokea simu ya hospitali, akaiunganisha kwa baba yake mwenyewe, na hapohapo akasikia kwamba mama yake amefariki. Mwigizaji akaanza kutetemesha sauti.

"Huyu analia," Mama Simu akasema. "Mimi sikulia. Nilichomeka waya uliofuata, nikaendelea na kazi."

Binti alimgeukia. Kitabuni kuliandikwa tu "mmoja wetu".

"Kumbe ulikuwa wewe, mama?"

"Ndiyo. Zima hiyo."

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa mchapishaji. Akamwambia atasoma mwenyewe.

"Mama yangu, saa tisa za kusoma si lelemama," mchapishaji akasema. "Na kwa umri wako..."

Mama Simu akamkata kalima. "Nimeongea na mji huu wote miaka thelathini na moja. Hakuna aliyewahi kuniambia hasikii."

Akapewa ukurasa mmoja wa majaribio. Fundi wa sauti, dada mmoja mpole, alimsikiliza nyuma ya kioo, kisha akaingia chumbani taratibu.

"Bibi, usinielewe vibaya. Kuna filimbi kila ukitamka 's'. Nafikiri ni meno."

Meno yalikuwa ya bandia. Mama Simu akayatoa, akajaribu tena, maneno yakatoka kama uji. Akayarudisha, akachukua mkoba wake. "Nipe wiki mbili."

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa meno, yakasuguliwa na kukazwa. Kisha kila siku alijifungia ndani ya kabati la nguo, mahali pasipo na mwangwi, akasoma kwa sauti mpaka koo likamkauka. Mumewe alivumilia kwa siku kadhaa.

"Sura ya tatu naijua kuliko jina langu," akalalamika. "Na shati langu silipati, umejifungia nalo."

"Vaa lingine," likajibu kabati.

Aliporudi studio, filimbi ilikuwa imekwisha. Walirekodi siku nane. Siku ya ile sura yenye simu ya hospitali alisoma bila kusita, lakini lori likapiga honi nje. Akarudia, kiti kikalia. Fundi akaona haya kumwomba mara ya tatu.

"Bibi, tunaweza kuiacha hadi kesho."

Mama Simu alipiga moyo konde, akasukuma kiti pembeni. "Nitasoma nimesimama."

Akasoma kwa sauti ileile ya kazini, kavu na ya adabu, neno kwa neno. Alipomaliza, fundi alikuwa ameinamia vitufe vyake, akainua kidole gumba bila kuinua kichwa.

Kitabu kilipotoka, binti alikisikiliza kiwandani akishona, akasimamisha cherehani. Jumapili alikuja na daftari, akaketi karibu na mama yake.

"Sasa niambie habari za bibi, mama yako," akasema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Simu alifikiri kidogo. "Alikuwa mbishi," akaanza.