Dobi Aliyeiogopa Meza Yake

Moyo wa dobi uliruka pigo mara ya kwanza akiwa kwenye kola ya shati jeupe. Hakuwa amebeba kitu kizito, wala hakuwa amegombana na mtu. Alikuwa anapitisha ncha ya pasi pembeni mwa kola, pale panapotaka mkono mwepesi, ndipo ndani ya kifua pakawa kimya. Kimya kabisa, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Kisha moyo ukarudi kwa kishindo, ukapiga teke moja mpaka kooni, ukaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Aliiweka pasi juu ya kisahani chake cha chuma, akashika ukingo wa meza. Nyuma yake mkewe alikuwa kwenye kigoda akishona vifungo, uzi mdomoni.

"Mbona umenyamaza?" mkewe akauliza, maana mumewe hakuwahi kunyoosha nguo bila kuvumisha wimbo puani.

"Kola hii kaidi," akasema, akaichukua pasi tena.

Hakusema zaidi, na alikuwa na sababu. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kazi hii, alifia kwenye meza hiyo hiyo. Alikuwa ananyoosha suruali ya sufu. Akasema "subiri kidogo", haikujulikana anamwambia nani, akalala juu ya nguo. Pasi ilibaki pale alipoiacha, ikatoboa suruali, ikatoboa blanketi, ikala ubao. Mdogo mtu ndiye aliyekuja kuiondoa, na harufu ya sufu iliyoungua haijamtoka puani mpaka leo. Siku chache kabla ya hapo kaka alikuwa amemwambia jambo kama mtu anayefanya mzaha: moyo wangu siku hizi unajikwaa.

Watu wa mtaa walimwita dobi huyu Mstari, kwa sababu suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka na mstari wa kukatia mkate. Enzi zile mwanamume hakutoka nyumbani na nguo iliyokunjamana, awe karani au mchukuzi wa mizigo. Alijua barabarani kuna macho ya watu. Leo watu wanatembea na nguo kama zilizotolewa mdomoni mwa ng'ombe, na anayeona aibu ndiye anayechekwa. Wachache waliobaki, wale wanaojua nguo ni nini, ndio waliomletea Mstari kazi. Naye alibaki na pasi yake ya mkaa. Alikuwa akisema pasi ya umeme inaibembeleza nguo, ya mkaa inaiamuru.

Chumba chake hakikuwa chumba hapo zamani. Kilikuwa baraza. Dobi alinyoosha huku anasalimiana na mtaa mzima, anauliza mgonjwa wa nyumba ile ameamkaje, anamkemea mtoto wa nyumba nyingine, na upepo unapita. Mwenye nyumba alipofariki, mwanawe, mtu wa mipango, hakuona faida ya baraza. Baraza ni mahali ambapo watu wanakaa bila kununua kitu, na watu wa mipango hawapendi mahali kama hapo. Akaliziba kwa vioo na fremu za alumini, akatia mlango unaojirudisha wenyewe. Mstari alinung'unika. Lakini barabara ilipoanza kuchimbuliwa na vumbi jekundu likawa linatua kwenye mashati meupe, ni yeye mwenyewe aliyevisukuma vioo vyote mpaka vikafungika na kulaza tambara chini ya mlango. Mkaa aliuwasha nje. Ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, aliingiza jiko ndani na kuliweka pembeni, tayari kuijaza pasi. Moshi haupo, alijiambia, madhara yatoke wapi.

Moyo ukaendelea kuruka. Siku nyingine mara moja tu, siku nyingine ukawa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, hajui ngazi inayofuata iko wapi. Hatimaye akaenda kwa fundi viatu, jirani yake, ambaye kiti chake kilikuwa ukutani hapo nje.

"Fundi, wewe moyo wako huwa unajikwaa?"

Fundi viatu alikuwa na misumari midomoni. Akaitemea kiganjani. "Kila yule mama wa vipodozi akipita."

"Nakuuliza la maana."

"Nami nimekujibu la maana. Umri wetu huu, moyo ukishtuka shukuru. Kuna wenzako hata kushtuka haushtuki." Akamtazama vizuri, akaona mwenzake hacheki. "Una nini wewe?"

"Unapiga, unapiga, halafu unaruka. Ukirudi unarudi na teke."

"Sigara hizo. Na ile chai yako nyeusi kama lami. Ukiimwaga hapo barabarani hawa wachimbaji watakunja vifaa waende nyumbani, kazi imekwisha."

"Usimwambie shemeji yako."

"Kwa nini?"

"Atawapigia watoto simu. Watakuja kunibeba kama mzigo, wanikalishe mbele ya televisheni mpaka nife hukohuko."

Aliacha sigara, kwa mateso. Chai akaipunguza mpaka mkewe akamuuliza kama majani yamekuwa machungu. Akaanza kulala mapema, ila kulala ni jina tu, kwa kuwa alilalia ubavu wa kulia akisikiliza, kama mtu anayemsikiliza mgeni asiyemwamini anatembea kwenye chumba cha pili. Muuza dawa wa kona alimwambia sababu ni nyingi: presha, damu pungufu, tezi ya shingoni, wasiwasi, hata vidonge vya mafua vinaweza kuufanya moyo kwenda mbio. Akamsihi aende akapimwe. Mstari akaitikia vizuri na hakwenda. Kisichopimwa bado unaweza kukikana.

Kilichomtisha zaidi ya yote ni siku ya mapumziko. Akishinda nyumbani, moyo ulitulia kama mtoto aliyeshiba. Akirudi kazini, kabla ya saa za kunywa chai, unaanza tena. Akaunganisha mambo kwa akili yake mwenyewe akapata jibu moja: ni meza. Chini ya blanketi lililotandikwa mezani, ile alama nyeusi ya pasi ya kaka yake ilikuwapo bado. Hakuwa mtu wa kuamini mambo ya ajabu, lakini alianza kusimama upande mmoja tu wa meza, na suruali za sufu alizirudisha kwa wenyewe akisema ana kazi nyingi.

Mkewe naye siku hizo alikuwa na yake. Alifunga kitambaa kichwani kwa kukikaza. Alishona vifungo upande wa matundu, akavifumua, akavirudia. Alipoulizwa alisema ni usingizi. Mstari hakumfuatilia, kwani anayesikiliza kifua chake hana sikio la kumpa mwingine.

Kisha yakaletwa majoho meupe ya kwaya, furushi kubwa, na siku hiyo upepo ulikuwa unazoa vumbi la barabara na kulibandika kwenye vioo. Mstari akahakikisha hakuna ufa. Akajaza mkaa jiko mpaka juu, maana joho ni nguo nyingi. Kufika adhuhuri kichwa chake kilikuwa kizito na moyo ulishaacha utaratibu wote: pigo, pigo, kimya, mapigo matatu yanayokanyagana, kimya. Akashika ukingo wa meza. Sasa, akajisemea, kama kaka. Subiri kidogo.

Lakini aliyeanguka si yeye. Nyuma yake kigoda kiligonga sakafu.

Mkewe alikuwa amelala juu ya majoho, shavu kwenye nguo nyeupe, sindano bado kati ya vidole.

"Mama," akamwita. Ndivyo alivyomwita tangu mtoto wa kwanza. "Mama, usifanye hivyo."

Hakujibu. Akapiga magoti, akamtikisa, na kichwa chake kikaenda upande kama kisicho na mwenyewe. Alimshika chini ya kwapa akamburuta. Miguu yake mwenyewe ilikuwa kama nguo mbichi, na kifuani palikuwa na vurugu tupu, na alichokuwa anafikiri ni kimoja tu: nikifa sasa, hakuna wa kumfungulia mlango. Akausukuma mlango kwa mgongo. Tambara likakwama, akasukuma tena, wote wawili wakaangukia nje kwenye vumbi.

Fundi viatu akaacha kiatu cha mtu. "Shemeji? Shemeji, unanisikia?" Akaanza kumpepea kwa soli ya kiatu, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho mkononi. Baadaye angelichekea jambo hilo, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa wa majivu. Mwanamke akatapika, akafungua macho, akauliza majoho yako wapi. Mwenye gari la kubebea mboga akashusha makreti yake bila kuombwa, akawapeleka zahanati.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wao. Alimweka mgonjwa kwenye hewa ya oksijeni, kisha akamgeukia Mstari aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Mama anaumwa kichwa tangu lini, baba?"

"Haumwi kichwa."

"Naumwa," sauti ikatoka chini ya barakoa. "Tangu hilo vumbi lianze. Kila nikiwa kazini."

Mstari akamgeukia. "Hukuniambia."

"Ungefunga kazi ukae kuniuguza. Nawe je? Ulidhani sioni unavyoshika meza?"

Daktari akawatazama wote wawili. "Baba, una nini?"

Ikatoka yote. Kola, chai, sigara, ngazi za gizani, kaka na suruali ya sufu. Alimaliza akiwa hamtazami mtu. Daktari akamlaza, akambandika vibandiko kifuani na miguuni, na mashine ikatoa karatasi ndefu. Mstari akaikodolea karatasi ile kama mshtakiwa anavyomkodolea hakimu macho.

"Haya ni mapigo yanayokuja kabla ya zamu yake," daktari akasema. "Baada yake kuna kituo, ndicho unachokisikia kama kimya. Sababu zake ni nyingi, na kwa watu wengi si za kutisha. Sigara na chai kali zimo, kukosa usingizi kumo, hofu yenyewe imo. Presha yako ipo juu pia. Damu na tezi nitapima. Lakini ninyi wawili mnaumwa siku za kazi na kupona siku ya kupumzika. Mnafanya kazi gani humo?"

"Tunanyoosha nguo."

"Kwa umeme?"

"Kwa mkaa."

"Madirisha yako wazi?"

Mstari akatazama vumbi lililoganda kwenye suruali yake. "Kuna vumbi, mwanangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mkaa hata ukishaacha moshi unatoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, kichwa kinauma, moyo unahangaika. Mngechelewa kidogo, aliyefungua mlango angewakuta wote wawili."

Kitandani mkewe alifumba macho. Wiki zote hizo Mstari alikuwa anailinda siri yake kwa mkewe, na mkewe anailinda yake kwake, na sumu ilikuwa inakula katikati yao bila kusumbuliwa. Laiti mmoja angesema tu: naumwa.

"Na kaka yangu?" akauliza. "Enzi zake pale palikuwa baraza. Hapakuwa na kioo."

"Huyo sikumpima, baba. Huenda moyo wake ulikuwa na ugonjwa wake. Ndiyo maana ulitakiwa uje mapema, si uchelewe. Ukiruka tena bila mkaa, njoo. Ukiruka na kizunguzungu, uletwe mbio."

Kijana wao mkubwa alikuja, akafoka, akanunua pasi ya umeme. Ya mkaa aliibeba kwenda kwake, na mke wa kijana huyo ameiweka juu ya kabati la televisheni, imejazwa maua ya plastiki, wageni wanaisifu. Vioo sasa vinasukumwa wazi tangu asubuhi. Wateja wawili wamelalamika juu ya vumbi, mmoja amehama. Umeme ukikatika, Mstari anakaa amefumbata mikono mbele ya nguo zenye unyevunyevu, jambo ambalo kaka yake asingelielewa.

Moyo ulitulia. Asubuhi zikapita, akaanza tena kuvumisha wimbo puani, akazikubali tena suruali za sufu. Kisha siku moja, vioo vimefunguliwa vyote, upepo unaingia, hakuna jiko wala mkaa, akiwa kwenye mkono wa blauzi, kifua kikanyamaza. Kikarudi na teke.

Alisimama. Sasa hapakuwa na sumu ya kuisingizia. Hofu ya zamani ikarudi yote kwa mara moja, na ulimi wake ulikwishaanza kutafuta uongo wa kusema juu ya ile blauzi.

"Mama," akasema.

"Nini?"

"Umeruka."

Mkewe aliweka sindano chini, akaja, akamshika kifundo cha mkono kama daktari alivyowaonyesha. Walisimama hivyo, pasi imechomolewa, mtaa unapita nje na makelele yake.

"Kizunguzungu?"

"Hapana."

"Kifua kinauma?"

"Hapana. Naogopa tu."

"Hata mimi naogopa," mkewe akasema. "Vaa viatu, twende."