Maiti wa Mzaha

Wendell Ostrander hakupenda kubebwa, lakini asiyeweza kutembea hachagui mbebaji. Kila Juni rafiki yake wa ujanani, Garth Pruitt, alifika kwenye makao ya wazee pale Oxnard, akamnyanyua kutoka kwenye kiti cha magurudumu, akamtupa kiti cha mbele cha gari, na kumshusha kwa barabara ya pwani, vioo vyote viko chini. Siku nyingine zote za mwaka Wendell alitazama ukuta.

"Unakumbuka, bwana?" Garth akaanza, hata taa za kwanza hawajazipita. "Enzi zetu! Jua, redio, na wewe nyuma umekufa!"

Wendell alikumbuka kuliko alivyotaka. Mwaka wa sitini na sita, vijana wa kuteleza mawimbini walipenda kununua magari makuukuu ya kubebea maiti, kwa kuwa ni marefu na vibao vyao vinaenea. Wao pia walinunua lao. Sakafu ilikuwa na vigurudumu vya kutelezeshea jeneza, na mlangoni pini nene ya chuma ya kulizuia lisirudi nyuma. Bila pini hiyo hakuna usalama, maana kitasa cha mlango kilikuwa kimechoka, ukikisukuma kidogo tu kinaachia.

Mzaha wenyewe ulikuwa huu. Waliwasha taa mchana kweupe, kama watu wa msafara wa mazishi, na Wendell, mwembamba kuliko wote, akalala nyuma juu ya kibao kwenye vile vigurudumu, chini ya shuka. Magari yakawapisha. Wazee wakavua kofia. Wakifika ubavuni mwa bibi anayemlilia mtu asiyemjua, maiti akaketi na kumwomba sigara. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Ujana ni moshi, husema wahenga, na moshi wa hawa ulinuka.

Kisha akaja Ilene, msichana aliyeuza samaki wa kukaanga karibu na ufuo. Vichekesho vya Garth alivisikiliza kwa adabu. Vya Wendell vilimtoa machozi. Siku moja alipanda mbele. Garth alipokwenda kufunga mlango wa nyuma, Wendell alimwona kwa upenyo wa shuka: aliichomoa pini, akaitia mfukoni, akatabasamu. Wendell alidhani atabiringishwa kidogo humo ndani, wacheke, basi. Akanyamaza asiitwe mwoga mbele ya msichana. Wakipanda kilima kirefu Garth akakanyaga mafuta. Maiti akatoka miguu mbele, akavunjika uti wa mgongo kwenye lami, hatua chache kutoka kwenye lori la ndimu.

Ilene aliolewa na Garth. Harusini ilisimuliwa kwamba Wendell alilewa bia akasahau kuichomeka pini yake, na hadithi ikabaki hivyo.

Mwaka huu Wendell aliapa atausikia ukweli kwa kinywa cha mwenyewe kabla hajafa kweli. Waliegesha juu ya ufuo, Garth akafungua samaki wao.

"Na wewe, mlevi wee, ukasahau pini yako!"

"Sikusahau. Uliichomoa wewe, Garth. Nilikuona."

Garth alitafuna mpaka akamaliza. Akafuta mdomo.

"Kumbe ulikuwa unachungulia."

"Nilikuona."

"Haya, nilichomoa mimi." Alisema kama mtu aliyeulizwa nani kamaliza chumvi. "Alikuwa anakuchekea wewe. Nilitaka uonekane mjinga kidogo. Hiki sikukitaka." Akaonyesha ile miguu kwa kidevu. "Umeridhika?"

Wendell aliridhika. Alilia kwa raha, bila haya, kamasi zikamtoka. Raha hiyo ilidumu mpaka Garth alipowasha gari.

"Ilene alijua," Garth akasema. "Ndiye aliyekuwa akinituma kila Juni. 'Nenda kamtoe yule mtu.' Mimi mwenyewe nisingekuja, sikufichi. Kukuona kunanichosha roho. Tangu tumzike mwezi wa pili najiuliza nije kufanya nini. Leo nimekuja kwa mazoea tu. Sasa umesikia ulichotaka. Tumemalizana, bwana."

Njia nzima ya kurudi Wendell aliitazama bahari, akaufikiria ukuta. Ndugu zake wote walikuwa wamekufa. Alijichukia kwa lile alilokuwa anakwenda kulisema, na alijua atalisema.

Langoni, Garth alipokuwa akimweka kwenye kiti chake, Wendell akamshika mkono wa shati.

"Garth. Labda sikuona vizuri. Shuka lilikuwa usoni."

Garth akamtazama. "Na bia?"

"Nilikunywa."

"Ngapi?"

"Nyingi."

"Na pini?"

"Nilisahau mwenyewe. Utakuja Juni?"

"Tutaona." Garth akageuka, akamwita muuguzi aliyesimama mlangoni. "Dada! Hebu njoo usikie kichekesho. Mwambie, Wendell, ilikuwaje."

Muuguzi akaja, akainama kwa tabasamu. Wendell akamsimulia yote, akicheka, bila kuruka hata bia moja.