Watoto Hawahesabiwi

Célestine alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Alikulia kwenye milima ya Bukavu, na alipoona watoto wa kanisa lao pale Kilburn, ugenini, wamejifungia ndani kama kuku wa mayai, macho kwenye televisheni, alikataa. Kila mwaka majani yalipoanza kupukutika, Jumapili baada ya ibada aliwapeleka msitu wa Epping.

Watoto walimwita koko, yaani bibi, na alijua kuwachangamsha. Kila mtoto alipewa mfuko wa kuokotea njugu za msituni, zile zenye ganda la miiba. Aliyechoka hakubembelezwa, alipewa wimbo auongoze. Na maandazi, kila mtu na lake, hayakufunguliwa mpaka wafike kwenye mti ulioanguka.

Jambo moja tu hakulifanya: kuhesabu. Mama yake alimwonya zamani: "Watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu, unamwonyesha mwenye njaa sahani." Basi njiani aliimba, "Wangu wako wapi?" na kila mtoto akaitika kwa kutaja jina lake.

Anne-Marie, mkwe wake aliyefuatana nao, alimcheka. "Mama, walimu wa hapa wanahesabu kutwa. Amekufa nani?"

"Walimu wanahesabu watoto wa wenzao. Mimi nina wangu."

Jumapili ile ya mwisho wa Oktoba 1998, saa zilikuwa zimerudishwa nyuma saa nzima, kama ilivyo desturi ya huko kila mwaka. Saa ya mkononi ilimwambia Célestine bado mapema. Msitu ulisema vingine: saa kumi na nusu miti ilikuwa imeshameza mwanga. Aliimba mara mbili, majina yote yakatajwa. Walipofika kwenye mti akagawa maandazi.

Andazi moja likabaki kwenye kitambaa.

"Nani hajala?"

Gires, mwenye miaka kumi, alitazama viatu vyake.

"Gires."

"Niliitika badala ya Plamedie, koko. Alisema anafunga kamba ya kiatu, anakuja."

"Tangu lini?"

"Wimbo wa kwanza."

Plamedie, mjukuu wake, alikuwa na miaka sita. Anne-Marie alipiga yowe, akataka kukimbia. Célestine akamkamata mkono. "Wewe kaa na hawa. Mama anayelia haoni njia." Kisha, asije akapotea mwingine, akawapanga juu ya gogo la mti ule, akaweka kiganja juu ya kila kichwa. Moja. Mbili. Gires alikuwa wa kumi. Kila namba ilimtoka kama jino.

Alirudi peke yake. Njia ilikuwa imefunikwa na majani, nyayo zao hazipo. "Wangu wako wapi?" Akaimba tena, na tena. Mara ya nne, chini ya mti mnene, kitu kikajibu kwa sauti ndogo: "Plamedie."

Alikuwa ameketi, kiatu mkononi, midomo ya bluu kwa baridi. "Nilikuwa naitika kila mara, koko. Hamkusikia?"

Célestine alimbeba mgongoni mpaka kwenye gogo.

Tangu siku hiyo anahesabu, kwa sauti, na Anne-Marie anatabasamu akidhani ameshinda. Ila hesabu yake inakoma kwenye kumi. Plamedie hamhesabu, anamshika mkono tu, anambana.

Jumapili iliyofuata, kiganja kilipomfikia kichwani, Gires aliinua macho.

"Koko, mbona Plamedie humhesabu?"

"Nyamaza, tembea."

"Na sisi je?"

Upepo ulipita, majani yakaanguka mengi kwa pamoja. Célestine alitazama vile vichwa kumi vya watoto wa wenzake, alivyomwonyesha mwenye njaa, na kiganja chake kikawa kizito.