Chini ya pikapu ya shemeji

Saa tatu asubuhi, Endagikot, nje kidogo ya mji wa Mbulu. Kinachoonekana cha fundi Evaline Margwe ni buti tu. Mwili wake wote uko chini ya pikapu ndogo nyeupe. Nyundo inagonga chuma, inatulia, kisha sauti yake inafoka.

"Rangi mpya ya nini huku chini? Nani anapaka gari poda tumboni?"

Mwenye gari, Vicent, amesimama mlangoni kwake, amekunja mikono na uso pia. Mnunuzi, Basili, mkulima wa maharage kutoka Maretadu, anatazama viatu vyake. Vicent amemuoa dada yake Basili, na hapo ndipo penye shida. Huku, kuinama chini ya gari la ndugu ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watoto wake.

Evaline, mwenye umri wa miaka 41, anaijua aibu hiyo na anaichukia kuliko kutu. Kazi yake ni kuwakagulia pikapu wanaotaka kununua, Mbulu na Hanang, kwa shilingi elfu thelathini kwa gari. Ufundi alijifunzia Katesh, gereji ya mzee Shumbana. Injini inayonguruma vizuri uwanjani haimdanganyi. Hupakia magunia ya mahindi, akapanda nayo mlima, akasimama katikati ya mlima, akaondoka tena.

"Gari tupu lina adabu," anasema. "Lipe mzigo ndipo litakuonyesha tabia."

Hasira yake ina chanzo. Kaka yake, Herman, alinunua pikapu kwa mwanakwaya mwenzake bila hata kuchungulia. Breki zikamwachia kwenye mteremko wa Gehandu, gari likiwa limejaa mahindi. Sasa anatembelea magongo.

"Wanakwaya wote walichangia matibabu, hata aliyemuuzia. Wakaomba, wakalia, wakasema ni mapenzi ya Mungu," anasema Evaline, sauti ikipanda. "Kwani Mungu ndiye alifunga zile breki?"

Anatoka uvunguni mikono ikiwa myeusi. Chini ya rangi mpya, anasema, chesisi, uti wa mgongo wa gari, ilipasuka, ikachomelewa ovyo, na sasa ufa umefunguka tena. Ncha ya bisibisi inaingia yote.

"Baba, njoo uone mwenyewe."

Basili, mtu mzima wa miaka 58, anapiga magoti, anachungulia, anainuka amesawijika.

"Binti," ananong'ona, "mwambie wewe kwamba umeikataa."

"Sisemi!" Evaline hanong'oni. "Mimi si kichaka cha kujifichia. Maksai wanne uliouza upate pesa ya gari ni wako. Mama Marieta atakayekaa kiti cha mbele ni mke wako. Sema mwenyewe."

Basili anamgeukia Vicent.

"Shemeji, samahani sana. Siichukui."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo. Inama uone."

Vicent anainama kwa hasira, kama mtu anayekwenda kuthibitisha ametukanwa. Anakawia huko chini. Anapotoka ana vumbi mgongoni, na hasira yake haimtazami tena Basili.

"Mimi niliuziwa na baba mdogo," anasema taratibu. "Niliona vibaya kumkagua."

Evaline anatupa nyundo ndani ya boksi la vyuma kwa kishindo.

"Gari moja, ukoo mzima, hakuna aliyeinama! Mnafunika kombe mwanaharamu apite. Huyu hapiti, huyu anaua!"

"Sasa nimuuzie nani?" anauliza Vicent.

"Usimuuzie mtu. Ikatwe, uza vipuri."

Kwa maneno kama hayo wapo wanaomwita mkorofi, na wapo wasiompa mkono kanisani. Inamuuma, na hafichi. Lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo ana mpango: kuchimba shimo la kukagulia magari Dongobesh, kando ya njia ya mnadani. Eneo amepata, bado saruji. Anataka kila pikapu inayouzwa siku ya mnada ipite juu ya shimo hilo, hata iwe ya nani.

"Zikikaguliwa zote, hakuna atakayesema ametukanwa. Aibu itakuwa kwa anayekataa."

Basili, ambaye sasa anacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anamuuliza ataanza na ya nani.

"Ya baba mkwe wangu," anajibu, akifuta mikono kwa kitambaa. "Anauza mwezi ujao. Mume wangu ameshaniomba nisiende."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia aje anishikie tochi."