Matairi ya Kuazima

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Tangu jana uliponiomba matairi ya pikapu yangu ili gari lako likakaguliwe nayo, imenirudia yote: ukungu juu ya majaruba ya Didia, harufu ya mpunga unaochanua, na mimi kijana nikipiga mluzi nyuma ya usukani. Nilikuwa mjinga, lakini mjinga mwenye furaha.

Nilikuwa na pikapu ya viti viwili vya mbele na kimoja kirefu cha nyuma. Breki zilishika, taa ziliwaka. Ila matairi, loo, yalikuwa na kipara kama changu hiki cha leo. Ukaguzi ulipofika nilimwendea rafiki yangu Masanja, nikaazima manne ya kwake. Askari wa usalama barabarani alizunguka, akainama, akagonga tairi kwa kiatu, akabandika stika kiooni. Kabla ya adhuhuri Masanja alikuwa na matairi yake, nami nimerudishia vipara vyangu. Tulicheka hadi machozi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini nani huwasikiliza wahenga akiwa na stika mpya?

Siku ile ya ukungu wakwe zangu walikuwa wanakwenda Bugarama, msibani. Mama mkwe aliogopa magari, na hakujua kusoma. Alisimama mbele ya pikapu, akakaza kitenge chake, akamwuliza mke wangu aliyekuwa anabaki nyumbani, "Hiyo karatasi ya kiooni inasemaje?"

"Inasema gari limekaguliwa, mama. Ni zima."

Akapanda kiti cha nyuma pamoja na baba mkwe, maana mkwe hakai bega kwa bega na mkwe. Nilisikia kila neno, mwanangu, nikawasha gari.

Tairi la mbele lilipasuka mteremkoni. Kishindo nimekisahau, nakumbuka ukimya uliofuata, na mashuke ya mpunga yakipapasa vioo taratibu, mpaka tukalala ubavu jarubani. Hatukufa. Lakini mkono wa kulia wa mama mkwe ulivunjika, ukaunga vibaya, na hakutwanga tena, wala hakumwinua mjukuu wake kwa mkono ule.

Baba mkwe hakunifokea. Alinikalisha kando ya zizi lake, akatazama ng'ombe kwa muda mrefu.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "ulipotaka kuoa nilikuja kwenu kukagua ng'ombe wa mahari. Ningejua wa jirani ndio wamesimama zizini, ningekupa binti?"

"Hapana, baba."

"Basi mama yako aliiamini karatasi yako kama nilivyowaamini ng'ombe wale."

Nililia, na aibu ile ninayo hadi leo. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekwisha kuota mvi.

Kwa hiyo nisikilize. Soma tarehe ya stika yako, uende kabla haijaisha; usingoje kusimamishwa barabarani. Kabla ya askari, mwone fundi: breki, taa, usukani, mikanda, matairi. Kibovu kitengenezwe kweli, na ukirudishwa usinune wala usitafute njia ya panya, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Askari atalitazama gari siku moja tu. Abiria wako wa Mwakitolyo watalipanda kila siku, na hakuna atakayeinama kutazama chini yake. Watatazama kioo, kisha watakutazama wewe.

Matairi yangu bado mazuri, na ukubwa ni uleule. Pikapu itakaa juu ya mawe. Safari zangu siku hizi ni za kwenda zizini na kurudi. Yachukue, mwanangu, ila usiyarudishe.

Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, na kila apandaye kwako ashuke akiwa mzima, mikono yake yote miwili ikimpungia wa nyumbani.