Upande wa Pili wa Kanda ya Bibi

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Ijumaa ya joto hapa Nizwa. Wanaume wameshatoka msikitini, wali umeshaliwa, na nyumba nzima imelala usingizi wa mchana isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina kazi yangu ya kupiga taipu ofisini, na nilijiona najua kila kitu. Usicheke. Na wewe uko huko huko sasa hivi.

Nilikuwa na maradhi ya kundi moja la muziki la Kimarekani. Vijana watano, nywele zimewafunika macho, waliovuma miaka ya sitini tulipokuwa bado Unguja. Kijana wa nyumba ya jirani alikuwa na sahani yao moja ya santuri, akiipiga mpaka ikaanza kukwaruza. Tulipohamia Oman, vijana wenyewe walikuwa wameshagombana na kuachana, lakini mimi nilikuwa bado nao. Nilikuwa na daftari nimeandika kila wimbo wao ulifika namba ngapi kwenye orodha ya Marekani. Huu uliingia kwa chini ukapanda wiki hadi wiki mpaka namba moja, ule ulikwama namba tatu, na hiyo namba tatu iliniuma kama kwamba niliyeimba ni mimi.

Ijumaa ile mtangazaji wa stesheni moja ya nje alikuwa ameahidi nusu saa ya nyimbo zao tupu, kwa mpangilio, kutoka ule uliofika chini kabisa mpaka ule wa namba moja. Nilitaka kuzinasa. Kanda tupu sina, na Ijumaa mchana maduka yote yamefungwa.

Sasa nikueleze habari ya kanda za Bibi, maana wewe hukuzikuta. Bibi yangu, mama yake mama, alikataa kuondoka Unguja. Barua hakuweza kuandika, macho yalikuwa yamekwisha. Alikuwa anasema ndani ya kanda, na mtu akisafiri anaibeba mpaka Maskati, kisha dereva wa teksi anaipitisha njia ya Samail mpaka ikatufikia Nizwa. Tunakaa chini kuizunguka redio kaseti. Bibi akisalimia alikuwa ananyamaza kidogo, kutupa nafasi ya kuitikia.

"Hamjambo, wanangu?" Kimya. "Hatujambo, Bibi, shikamoo." "Marahaba," anasema Bibi, na ajabu yake ni kwamba ile marahaba iliangukia mahali pake kila mara, hata siku tulizochelewa kuitikia.

Mama alikuwa na desturi yake juu ya kanda hizo. Akisikiliza upande mmoja tu. Upande wa pili anauweka kabatini pamoja na udi na kanga zake mpya, mpaka Idi, au mpaka siku atakayozidiwa na hamu. "Nikiumaliza leo, kesho nitabaki na nini?" ndivyo alivyokuja kuniambia baadaye.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nikishaitikia salamu zangu nainuka, narudi chumbani kwenye redio yangu ndogo. Sikuwahi kukaa mpaka mwisho, hata mara moja. Niliona tu kwamba upande wa pili hauchezwi, na kwa akili yangu ya wakati ule, kisichochezwa hakina kitu.

Basi nilifungua kabati nikaichukua kanda ya mwisho aliyoileta msafiri. Hata kuijaribu sikuijaribu, kwa sababu mtangazaji alikuwa ameshaanza. Nikaigeuza, nikaitia kwenye redio kaseti, nikabonyeza vitufe viwili vya kunasia kwa pamoja, nikakaa na daftari langu mapajani, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kukuficha.

Wiki mbili baadaye msafiri mwingine alikuja kutoka Maskati. Hakuwa na kanda. Alikuja kutuambia kwamba Bibi amefariki na ameshazikwa.

Mama hakupiga kelele. Alimaliza kuikunja nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaenda kabatini, akarudi na kanda. "Salma," akaniambia, "nigeuzie upande wa pili. Alhamdulillah, bado nina maneno yake."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichofanya. Ningeweza kusema. Muda wa kusema nilikuwa nao. Badala yake nikaitia kanda na magitaa yakaanza.

"Umekosea kanda, mwanangu," Mama akasema, kwa upole.

"Sikukosea, Mama."

Alinitazama mpaka wimbo ukaisha. Kati ya wimbo ule na wa pili mtangazaji alivuta pumzi, na chini ya pumzi yake tukamsikia Bibi. Mbali, kama mtu anayesema yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. "...hamjambo?" Kimya kidogo. Mama akaitikia, "Hatujambo, Mama, shikamoo." Kisha ngoma zikaingia.

Tulikaa hivyo nusu saa. Kila wimbo ukimalizika kinatoka kipande. "...miguu yangu siku hizi..." Wimbo. "...ule mlimau wa uani..." Wimbo. Halafu, kwa sauti iliyo wazi kuliko zote, "...na mwambieni Salma..." na gitaa likamfunika. Mimi na Mama sote tuliinamia redio, na wimbo ule ulikuwa mrefu. Nilikuwa nikiupenda kuliko zote.

Kabla ya wimbo wa mwisho, ule wa namba moja, mtangazaji alinyamaza, na Bibi akasema, "Nani kafungulia muziki huo? Mimi nasema na wanangu."

Mama aligeuka akanitazama, na macho yale ninayo mpaka leo.

Kesho yake niliibeba redio na kanda yake mpaka Firq, jirani na Nizwa, kwa Ami Khalfan, mtengenezaji redio aliyekulia bara. Alifungua, akasafisha, akasikiliza na vitu masikioni muda mrefu.

"Hii hedi ya kufutia, inayofuta sauti ya zamani unaponasa mpya, imechoka," akasema. "Haifuti sawasawa. Penye kimya anasikika. Penye muziki simpati tena, binti, nisikudanganye."

"Na ule muziki anaouulizia, Ami?"

"Redio ya jirani huko Unguja, bila shaka." Alisema bila shaka, lakini alikuwa ameshaizima mashine, na hakutaka kuiwasha tena.

Akavuta droo yake, akatoa kanda moja, akaiweka mbele yangu. Kwenye picha yake walikuwa wale wale, na nywele zao. "Hawa wako walifika namba moja," akasema. "Hata mimi hapa Firq ninao, na muziki wao siupendi. Dunia nzima inao. Huyu bibi hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Alikuwa kwenu tu. Sasa ukimtaka, utakwenda duka gani?" Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifanya jingine. Kila Idi alikuwa anautia upande ule wa pili kama ulivyo. Mama asiyejua neno la Kiingereza alizijua nyimbo zile zote, alijua kila moja inaishia wapi. Ikikaribia mwisho anakaa vizuri, anajitengeneza kanga, anaitikia. Mwaka hadi mwaka sauti ilififia, na ikaja Idi moja mimi sikusikia kitu tena ila nyimbo na pumzi za mtangazaji. Mama aliitikia vilevile, mahali palepale, kisha akacheka kidogo kama mtu aliyejibiwa. Sikumuuliza amesikia nini. Niliogopa.

Mama naye ameshatangulia. Na wewe juzi uliucheza wimbo ule mrefu kwenye simu yako, safi kama umeimbwa jana. Ulipokwisha nikasema, "Shikamoo, Bibi," nawe ukaniuliza nasema na nani. Ndiyo hiyo habari yake.

Basi yashike maneno yangu. Kinachopendwa na ulimwengu mzima usikihangaikie, hakipotei, kitakufuata mpaka mfukoni mwako. Kihangaikie kile ulicho nacho wewe peke yako. Usiweke kitu juu ya kitu cha mwenzio kabla hujamuuliza, hata ukikiona kimekaa kimya. Na mtu mzima akisema na wewe, usiitikie salamu ukainuka. Kaa mpaka amalize. Mimi nina miaka sabini na sijui bado Bibi alitaka niambiwe nini.

Mwenyezi Mungu akupe utulivu wa kukaa na watu wako, akupe wa kukuitikia kila unaposalimia, na siku utakapotajwa kwa jina lako, akujaalie usikie umeambiwa nini.