Babu Lifti na Nyota Iliyolipuka

Fundi lifti alikuwa mtu wa maneno. Watu waliokwama gizani kati ya ghorofa na ghorofa walimsikia akishuka ngazi huku akiwapigia soga kupitia mlangoni, akiwauliza wamekula nini, akiwasimulia habari za bwana mmoja aliyekwama na keki ya harusi akatoka na sahani tupu. Mlango ukifunguka, wengine walikuwa bado wanacheka. Nyumbani ndiyo usiseme. Mkewe, mwoka mikate, alirudi mchana kutoka kiwandani miguu ikimuuma, akajitupa kwenye kochi, na jioni mumewe alimletea siku yake nzima, chumvi ikiwa imeongezwa ya kutosha.

Kisha koo likaanza kumwasha na sauti ikakwaruza. Wakadhani ni vumbi la kazini. Haikuwa vumbi, ilikuwa saratani ya koo. Madaktari walimwondolea zoloto lote, kile kisanduku cha sauti kooni, ili wamwachie uhai, na uhai kweli walimwachia. Sauti ilibaki hospitali.

Kazi ya lifti hufanywa na watu wawili. Mmoja yuko juu ya kibanda kinachopanda na kushuka, mwenzake yuko chumba cha mashine, na kinachowaunganisha ni kuitana tu: simama, shusha kidogo, ngoja. Fundi asiyeweza kupaza sauti ni hatari kwake na kwa mwenzake. Wakamstaafisha mapema, kwa heshima zote na saa ya ukutani. Nyumbani akabaki na kibao cheupe na kalamu ya wino wa kufutika. Mtu aliyekuwa akimaliza jioni nzima kwa kisa kimoja sasa aliandika "chai", akaandika "sawa", akafuta.

Mkewe hakumlaumu. Alijizoeza kuongea kwa niaba ya wote wawili, akawa anauliza na kujijibu, mpaka siku nyingine akajichoka mwenyewe akawasha redio.

Binti yao, muuguzi aliyekaa mtaa wa pili, ndiye aliyemletea baba yake kompyuta na kumwekea mchezo wa anga za mbali. Ndani ya mchezo huo mna mamia ya nyota, kila moja na sayari zake, na watu wa kweli walioketi majumbani kwao wanaendesha vyombo, wanachimba madini kwenye miamba na kujenga vituo. Fundi alijisajili kwa jina la Babu Lifti. Mkewe alichokiona yeye ni mgongo wa mumewe na mwanga wa skrini. Alishukuru kwamba mzee amepata cha kumshughulisha, na chini ya shukrani hiyo palikuwa na wivu kidogo.

Siku moja tanuri kubwa la kiwandani liliharibika, wafanyakazi wakaruhusiwa asubuhi. Alipoingia nyumbani alisikia sauti ya mwanamke kijana ikitoka chumbani kwa mumewe.

"Nikamwambia, dada, usiogope, kamba za lifti hii zina nguvu kuliko ndoa nyingi," sauti ilikuwa inasema. "Akanijibu humo gizani, basi fanya haraka, mkate nilioubeba bado una moto, na ukipoa utanilipa wewe. Nilipoufungua mlango alinimegea kipande. Tangu hapo mkate wa mtu mwingine siuwezi."

Watu wengi wakacheka kwa pamoja, kutoka kwenye spika. Mwoka mikate alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Sauti ilikuwa ya mgeni, lakini maneno aliyajua yalikotoka. Aliujua mpangilio wake, aliijua na ile hila ya kutua kabla ya neno la mwisho. Mumewe alikuwa akichapa kwa vidole viwili, upesi kama anayepiga ngoma, na mwenye sauti ile, mchezaji waliyemwita Kasuku, alikuwa akiwasomea kwa sauti wenzake walioshika usukani wasiweze kusoma.

"Kumbe maneno unayo," mkewe alisema.

Fundi aligeuka, akanyoosha mkono kukichukua kibao.

"Usiniandikie samahani kwenye hicho kitu. Mwaka mzima nakula na neno sawa. Wageni unawapa hadithi yetu, mimi unanipa sawa."

Mzee akakirudisha kibao mezani. Halafu akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta, akaandika, na mkewe akasoma juu ya bega lake. Kwamba akiandika kibaoni mkewe husimama akimsubiri, na yeye akifika katikati ya sentensi anaiona huruma machoni mwa mkewe, basi anakata maneno amalizane nayo. Hawa wa mchezoni hawamwoni. Hawakuwahi kumsikia, kwa hiyo hakuna wanachokikosa.

Mkewe aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mimi nakikosa, sikufichi," alisema. "Lakini sauti yako nimeshaililia, nimemaliza. Ninachokililia sasa ni upuuzi wako."

Mabega ya fundi yakatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumwona akicheka tangu hospitali.

Alimvutia kiti, na mkewe alipouliza kwa nini watu ni wengi hivyo, akamweleza kwa kuchapa. Jua lao la mchezoni, nyota kubwa nyekundu waliyojenga wote kuizunguka, linakaribia kufa. Nyota ya namna hiyo ikishaunguza kila kilichomo ndani yake, kiini chake hushindwa kujibeba, huporomoka kwa ndani, na mwili uliobaki hurushwa nje kwa mlipuko uitwao supanova. Wenye mchezo walikuwa wametangaza kwamba italipuka Jumapili mchana, na kitakachoachwa pale hakitarudishwa. Wachezaji wapya walikuwa na vyombo vidogo visivyoweza kubeba mali zao. Chombo kikubwa cha mizigo alikuwa nacho yeye, kwa hiyo alikuwa akiwapandisha na kuwashusha hadi nyota ya jirani, na ndiyo maana walimpenda.

"Na chako umekihamisha?"

Fundi akasogeza picha. Kituo chake kilining'inia juu ya sayari ya rangi ya kijivu, kidogo, safi, na juu ya mlango wake mmoja alikuwa ameandika "Mkate Moto". Akatikisa kichwa. Muda wa kuhamisha vyote viwili, chake na vya watu, haukuwepo.

Mkewe aliyatazama maandishi ya mlango ule kwa muda. Kisha akampigia binti yake simu kumwomba kompyuta nyingine.

Mwoka mikate alikuwa dereva mbaya kupita kiasi. Chombo cha kwanza alikibamiza kwenye mwamba kabla hajajua breki iko wapi, na Kasuku akatangaza kwamba Babu Lifti ameoa mtu wa hatari. Lakini alijifunza. Kila alasiri akitoka kazini alibeba mizigo midogo ya wale wapya na mumewe alibeba ile mikubwa, na kwa kuwa sasa walikaa wamepeana migongo, kila mmoja na meza yake, fundi aliandika bila kutazamwa. Aliandika ya kazini, ya mama mkwe, ya rangi ya soksi za daktari. Mkewe alisoma kwenye skrini yake na kumjibu kwa mdomo, bila kugeuka.

Jumapili walikuwa wote kwenye nyota ya jirani, vyombo vimejipanga gizani. Nyota ilinywea ghafla, kisha ikawa nyeupe mpaka chumba chao kikang'aa ukutani. Kituo cha Mkate Moto, ambacho muda wa kukihamisha haukupatikana, kilikwenda na vingine. Mkewe aligeuza kiti na kumshika fundi mkono, na fundi akauacha ushikwe.

Njia ilipofunguliwa tena, walirudi. Pale palipokuwa na jua palibaki kiini kidogo sana kinachozunguka kama pia ya mtoto, na kukizunguka wingu la nyuzi za kijani na waridi lililotanda mbali kuliko walivyoweza kuruka. Ndani ya wingu hilo mlikuwa na madini ambayo hayakuwahi kupatikana pale, na wengi walikimbilia hayo. Ila wale waliobebewa mizigo walipitia kwanza mahali pa kituo cha Babu Lifti. Kila mmoja aliacha kitu, huyu kipande cha chuma, mwingine paa, mwingine taa, hata wenye vyombo vidogo kabisa.

Mkewe aliuliza jiko la kituo kipya litakaa upande gani.

"Upande wako," fundi akaandika, "na nyumba nzima inakufuata."

"Huo ni uongo wa mafundi," alijibu, akaanza kuvuta ukuta wa kwanza.